Hodi au haloo?

Mwezi uliopita kijana mmoja anayesoma shahada ya uzamili aliniletea mpango wa utafiti wake niupitie. Anataka kujua kaya za wakulima zinakopa wapi, na kwa masharti gani, katika ile miezi ya njaa kabla ya mavuno. Kwenye ukurasa wa bajeti alikuwa amepitisha kalamu nyekundu juu ya gari, mafuta, posho za wadadisi watakaohoji kaya na malazi. Pembeni akaandika: “Tupige simu.” Msimamizi wake hakuona tatizo. Mimi nililiona, ila nilipokaa kulieleza nikakuta upande wa simu una hoja nyingi kuliko nilivyotaka kukubali.

Suala la fedha halihitaji maelezo. Yeyote aliyewahi kukaa kando ya mto akisubiri maji yapungue ili gari livuke kwenda kuhoji kaya nane analijua. Kikubwa zaidi ni kasi. Ukimtembelea mtu mara moja kwa mwaka ukamuuliza alikopa nini Februari, unachoandika ni kumbukumbu yake, na kumbukumbu ya deni lililokwisha kulipwa hufifia upesi. Ukimpigia kila mwezi, deni bado linamuuma. Ndiyo maana korona ilipofunga milango mwaka 2020, Kenya ilianza kuhoji kaya kwa simu mwezi Mei na Uganda ikafuata Juni, serikali zikapata picha ya ajira na chakula wakati bado picha hiyo ina kazi.

Sasa angalia namba hizo zilitoka wapi. Uganda iliwapigia watu waliokwisha kutembelewa nyumbani katika utafiti wa kaya wa 2019/20. Kenya ilichanganya namba zilizokusanywa kwenye utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16 na namba za kubahatisha, yaani namba za simu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Hata Sauti za Wananchi, utafiti wa simu wa shirika la Twaweza, ambao kila mtu hapa Tanzania huutolea mfano akitaka kutetea simu, ulianza kwa hodi. Wadadisi walizifuata kaya 2,000 za Tanzania Bara, wakazihoji ana kwa ana, wakaziachia simu na chaja za jua, ndipo wakaanza kupiga. Kijana wangu alikuwa ameisoma habari ya kupiga, akairuka ile ya kutembea.

Kisa cha kuiruka wahadhiri hukisimulia kila mwaka. Mwaka 1936 nchini Marekani jarida la Literary Digest lilituma kadi za kura ya maoni milioni 10, majina mengi likiyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zikarudi zaidi ya milioni 2. Jarida likatabiri kuwa katika uchaguzi wa urais Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt, naye Roosevelt akachukua majimbo yote isipokuwa mawili. George Gallup, mtafiti wa kura za maoni, kwa sampuli ndogo mno ukilinganisha na hiyo, alimtaja mshindi sawasawa. Somo la darasani huishia kwenye orodha iliyowaacha maskini nje. Uchambuzi wa baadaye uliongeza kosa la pili: hata kati ya waliopata kadi, waliozirudisha hawakufanana na waliokaa kimya.

Kwetu makosa yote mawili yanatungoja. Laini si mtu. Mfanyabiashara ana tatu mfukoni, bibi yake kijijini hana hata moja na hupokea salamu kwa simu ya mjukuu. Ukipiga namba za kubahatisha, mfanyabiashara ana nafasi tatu za kuingia kwenye sampuli, bibi hana. Na wangapi watapokea? Nchi hii imeumwa sana na “ile hela tuma kwenye namba hii.” Sauti ya mgeni inayouliza una madeni kiasi gani itakatiwa kabla haijamaliza kujitambulisha, na watakaokata zaidi huenda ndio wenye madeni.

Kuna na jambo ambalo simu hailioni kabisa. Niliwahi kuwa mdadisi katika kijiji kimoja cha Kilosa. Mama mmoja aliniambia kaya yake ni watu watano. Nimekwisha kuandika tano, nikainua macho: juu ya kichanja sahani saba, zimeoshwa muda si mrefu. Nikauliza za nani hizo mbili. “Za watoto wa marehemu dada yangu. Wale si wa kaya, wanakula tu hapa.” Kwa tafsiri tuliyofundishwa, kaya ni wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, kwa hiyo walikuwa wa kaya bila ubishi. Kwake yeye kaya ni damu ya mume wake. Kwenye simu wale watoto wangebaki nje ya hesabu, na kila wastani ambao ungegawanywa kwa idadi ya watu ungeinua kichwa kidogo.

Lakini hodi nayo ina uongo wake, tena wa zamani. Kijijini huingii bila barua, na barua ikishapokelewa mtendaji anakupa mwenyekiti wa kitongoji akuoneshe njia. Mwenyekiti hatoki. Anavuta kigoda, anakaa. Nilimuuliza mzee mmoja kama amemaliza mchango wa ujenzi wa darasa. Akamtazama mwenyekiti kwanza, kisha mimi: “Nimemaliza.” Mwenyekiti akacheka, nikaandika “ndiyo.” Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, huwauliza wahojiwa mwishoni mwa mahojiano wanadhani nani amewatuma wadadisi, na si wachache wanaotaja serikali. Kwenye simu angalau kigoda cha mwenyekiti hakipo.

Saa nayo inapotosha. Mdadisi hufika saa nne asubuhi, walio nyumbani ni wazee na wenye watoto wachanga. Aliyetakiwa yuko shambani au kwenye bodaboda. Utaratibu unataka urudi, hata mara tatu. Gari linataka kuondoka saa kumi. Hapo ndipo majibu ya madodoso hupikwa chini ya mwembe. Siku hizi kishikwambi hurekodi mahali na muda, kwa hiyo mpishi huhakikisha amesimama karibu na nyumba husika akiwa anapika. Mazungumzo ya simu yakirekodiwa, msimamizi anaweza kusikiliza yoyote anayotaka, na hilo ni bora kuliko ukaguzi wowote niliouona uwandani.

Faragha ndiyo inayonishinda kuipa upande mmoja. Utafiti wa afya na idadi ya watu unapouliza habari za ukatili wa majumbani, huchagua mwanamke mmoja tu katika kaya, na sehemu hiyo hairuhusiwi kuendelea bila kuwa peke yake na mdadisi. Mlangoni unaona kama mume ameingia, unageuza maswali kuwa ya chanjo. Kwenye simu huoni kitu, labda uunde maswali yajibiwe kwa ndiyo au hapana tu. Ila kwa deni la kikoba, ambalo mke hataki mume alijue, nyumba ya chumba kimoja haina kona ya kunong’ona. Simu unaweza kwenda nayo kisimani.

Kijana alikuwa na ngao ya mwisho: sampuli yake ni watu 384, kama linavyosema lile jedwali la kupangia ukubwa wa sampuli. Namba hii imegeuka dua kwenye tasnifu zetu. Hudhibiti kosa la bahati nasibu peke yake, tena ukidhani kila mtu alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa, mmoja mmoja. Ukihoji watu wengi wa kijiji kimoja, wanakopa kwa mangi wa duka yuleyule na kuvuna wiki ileile, wanakuwa nusu mwangwi wa wenzao. Ukihoji waliopokea simu tu, hata 3,840 hawatamleta yule bibi.

Nilimshauri apunguze vijiji, akate dodoso nusu, arudishe gari kwa wiki mbili. Aorodheshe kaya zote za kitongoji mwenyewe badala ya kuomba orodha ya ofisini, achague kwa bahati, apige hodi mara moja na ahesabu sahani. Aondoke na namba mbili kwa kila kaya, kisha apige kila mwezi hadi mavuno, jioni, kwa dakika kumi na tano zisizozidi. Zile kaya zisizo na simu azinunulie za kitochi; zote pamoja hazitafika bei ya malazi aliyokuwa ameyafuta.

Amekubali. Nikamuuliza kila simu atamkabidhi nani. Akajibu mkuu wa kaya, kama mwongozo unavyosema. Nikamuuliza mkuu wa kaya anajua nini kuhusu kikoba cha mkewe. Hapo ndipo tulipokwama, na mpango anatakiwa kuuwasilisha Ijumaa.