Anafaa, hapendekezwi: mawakili wanapompimia mpiga kura majaji

Mpiga kura wa Chicago akishamchagua rais au gavana, bado ana kazi. Anashuka chini ya karatasi ya kura anakutana na majina ya majaji wa Kaunti ya Cook, lilipo jiji hilo, hamsini, sitini, na mbele ya kila jina swali lilelile: aendelee miaka 6 mingine, ndiyo au hapana? Jaji huyo hana mpinzani wala hakuandikwa chama chake. Ili abaki, anahitaji asilimia 60 za ndiyo.

Nani anawajua watu 60 wa aina hiyo? Ndipo vyama vya mawakili vinapoingia. Jaji hujaza fomu ndefu, mawakili waliosimama mbele yake mahakamani huulizwa habari zake, naye huitwa kuhojiwa. Mwishowe Chama cha Mawakili cha Chicago hutoa neno lake, anafaa au hapendekezwi, na kulichapa kwenye mwongozo wa kwenda nao kituoni.

Wanaoupinga utaratibu huu wana hoja. Wakili anayeulizwa leo kuhusu jaji, kesho ana kesi mbele ya jaji huyohuyo. Mshtakiwa asiye na wakili, ambaye ndiye aliyekatizwa maneno na kufokewa, nani atamtafuta? Halafu kuna hili linaloniudhi zaidi: aliyekataa kuhojiwa huandikwa "hapendekezwi", sawa na aliyehojiwa akaonekana sheria zinampiga chenga. Msomaji wa mwongozo hawezi kuwatofautisha.

Ila ukiitupa orodha hiyo ya mawakili, unabaki na jina tu. Na kaunti hii jina la Kiairishi ni mtaji wa kura: wapo waliobadilisha majina yao kisheria kabla ya kugombea ujaji, hadi mwaka 2007 jimbo la Illinois likatunga sheria kwamba aliyebadili jina ndani ya miaka 3 kabla ya kuomba nafasi, jina lake la zamani nalo liandikwe kwenye karatasi ya kura. (Aliyebadili kwa sababu ya ndoa hahusiki.)

Hata ikiwepo, orodha haina nguvu tunayoidhania. Mwaka 2012 jaji aliyekuwa amesimamishwa kazi, huku akikabiliwa na shtaka la kumsukuma askari, alirudishwa na wapiga kura ingawa mawakili walishasema hapendekezwi. Mwaka 2018 jaji Matthew Coghlan akawa wa kwanza kuangushwa tangu 1990. Zaidi ya nusu walimpa ndiyo, lakini hazikufika 60, na safari hiyo chama cha Democratic cha kaunti kilikuwa kimesimama waziwazi kumpinga. Kilichosikika ni sauti ya chama cha siasa.

Mwaka 2021 Wakenya walikaa mbele ya televisheni wakamtazama Martha Koome akisailiwa kwa nafasi ya Jaji Mkuu. Walisikia swali na jibu, ila kura hawakuwa nayo. Chicago kura wanayo, usaili wenyewe hawauoni.

Mimi ningeichukua orodha, lakini ile yenye maelezo. Baraza la Mawakili la Chicago, ambalo ni chombo kingine, huandika aya ya sababu kwa kila jaji. Ukisoma humo kwamba fulani anaijua sheria vizuri ila hana subira na wasio na wakili, unaweza kuamua mwenyewe kama hilo kwako ni dogo. Kwa mwenye wakili wa bei, pengine ni dogo.