Biti 32 Bado Zina Wenyewe

Kompyuta ninayoandikia makala haya ni ThinkPad T42, ya enzi zile ambapo kifuniko bado kilikuwa na nembo ya IBM, kabla Lenovo hawajakichukua kitengo cha kompyuta cha IBM mwaka 2005. Prosesa yake ni Pentium M ya biti 32, yaani hushughulikia data kwa mafungu ya biti 32, si 64 kama za leo. RAM ni gigabaiti 1, na hata ukiijaza namna gani haivuki 2. Niliinunua ya mtumba Kariakoo ikiwa na Windows XP na vitufe viwili vya kibodi vimefutika herufi. Fundi mmoja alishaniomba nimuuzie kwa bei ya vipuri. Nilikataa, na leo nataka kueleza kwa nini, maana mwaka 2025 ulikuwa mgumu kwa mashine za ukoo huu.

Nitenganishe kwanza mambo mawili. Kompyuta nyingi tunazoziita za zamani, zile za Core 2 Duo na i5 za mwanzo, ni za biti 64. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa kwa sababu ya prosesa zao na kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mwenye mashine hiyo asihangaike. Aongeze RAM, atoe diski inayozunguka aweke SSD, asakinishe Debian, mfumo huria wa Linux, yenye dawati jepesi la Xfce, aendelee na kazi zake.

Mimi nawasemea wakubwa wao, zile za biti 32. Agosti 2025 Debian walitoa toleo la 13, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na namna ya kulisakinisha upya kwenye kompyuta ya biti 32 ya ukoo huu wa Intel, unaoitwa i386. Oktoba ikaja Firefox 144, kivinjari cha intaneti, ya mwisho kwa Linux ya biti 32, ukiacha toleo la 140 linalohudumiwa kwa muda mrefu. Desemba FreeBSD 15.0, mfumo mwingine huria, nayo ikatoka bila i386. Milango mitatu ndani ya miezi mitano, na yote ni ya miradi huria, ile tuliyokuwa tukiikimbilia wenye kuuza programu walipotufukuza.

Siwalaumu. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa inafanywa na watu wanaojitolea, na mtu hawezi kutengeneza kitu cha mashine asiyokuwa nayo. Ila naona tuelewe kilichowashinda, kwa sababu kinaonyesha nani bado amesimama. Mifumo ya ukoo wa Unix, ikiwamo Linux na FreeBSD, huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Hesabu hiyo ikitunzwa katika biti 32, itafurika tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Debian, wakiandaa toleo la 13, walibadilisha hesabu hiyo kwenye mashine nyingine za biti 32 kama zile za ARM, lakini i386 wakaiacha ilivyo, kwa sababu programu kongwe ambazo hazijengwi tena zingevunjika. Maana yake i386 kwao imekuwa ghala la kuendeshea vitu vya kale ndani ya mashine mpya.

OpenBSD, mfumo mwingine huria wa ukoo huo, walichagua kinyume. Mwaka 2014, katika toleo la 5.5, waligeuza muda wote kuwa biti 64 kwenye kila aina ya mashine wanayoihudumia, programu zote zikajengwa upya. Ndugu zao wa NetBSD walikuwa wametangulia mwaka 2012. Ndiyo maana T42 yangu leo ina OpenBSD, na asubuhi ile ya 2038 ikiikuta ingali inawaka, itajua ni saa ngapi.

Kusakinisha kwenyewe ni maswali ya maandishi matupu, na mengi unayajibu kwa kubonyeza Enter. Uwe na waya wa mtandao siku ya kwanza, kwa sababu programu ndogo inayoamsha kadi ya waifai ya Intel hairuhusiwi kugawanywa pamoja na mfumo. Ukishaunganisha waya, amri ya fw_update huileta. Na uwe na subira ikiwaka. Kila inapowashwa, OpenBSD huzichanganya upya maktaba zake ili mdukuzi asizikute pale alipozitarajia, kisha hukiunga kiini (kernel), moyo wa mfumo, upya kwa mpangilio mwingine. Kwenye diski ya zamani kazi hiyo unaisikia.

Kinachonifurahisha zaidi ni kurasa za man, yaani miongozo ya mfumo. Maelezo ya kila amri, kila faili la usanidi, kila draiva, yamo ndani ya mashine, yameandikwa kwa uangalifu ambao sijauona kwingine. Bando likiisha usiku wa manane, bado unaweza kujifunza namna ya kujenga ukuta wa moto. Kwa kijana anayenunua data kwa mafungu ya siku, hilo ni darasa kamili.

Intaneti ya kisasa ndiyo inayoishinda mashine hii. Ukurasa mmoja wa benki unaweza kula RAM yote. Kwa hiyo hayo nayafanya kwenye simu, na T42 nimeiachia kuandika, barua pepe, hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na kujifunza lugha ya programu ya C. Kazi hizo haziidai chochote ambacho mwaka 2004 haikuwa nacho.

Sasa ombi langu. Kompyuta zinazochoka Ulaya, nyingi huja kumalizia maisha kwetu, kwa hiyo wenyewe wa biti 32 ni sisi. Lakini mtengenezaji wa kiini aliye ng'ambo hatuoni sisi. Akikaa muda mrefu bila kusikia sauti ya mashine fulani, huhesabu kwamba imekufa, naye ana haki ya kuhesabu hivyo. Ukiingia kama root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, mara ya kwanza baada ya kusakinisha OpenBSD, unakuta barua kutoka kwa Theo de Raadt, mwanzilishi wa mradi. Ndani yake kuna mfano wa amri ya kuwatumia dmesg, yaani orodha ya kila kifaa ambacho kiini kimekitambua kilipoamka. Watu wengi huipita barua hiyo bila kuisoma. Tafadhali isomeni. Ukiwa Tanga, Kisumu au Bujumbura na mashine yako imekubali, watumie.

Yangu niliituma Jumapili usiku. Kwenye kichwa cha barua niliandika: ThinkPad T42, Dar es Salaam, waifai na sauti vinafanya kazi.