Mtoto anayebanwa na hesabu ngumu si mvivu

Kila KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, unapokaribia, Mombasa huzuka ubishi ule ule. Wazazi na walimu wengi wanasema mtoto asipobanwa hasomi. Wengine wanasema presha ndiyo inayowaharibu.

Wanaobana wana hoja. Mtu aliyepoa kabisa hafanyi kitu. Saa nane mchana, kwa joto la Kisauni, kitabu kikifunguliwa usingizi nao unaingia. Hofu kidogo ya mtihani humwamsha mtu.

Lakini kubana huko kuna mpaka, na mpaka wenyewe unategemea ugumu wa kazi. Mwaka 1908 wanasaikolojia Wamarekani Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kuchagua kisanduku cheupe. Aliyeingia cheusi alipigwa shoti ya umeme. Visanduku vilipokuwa rahisi kutofautisha, shoti kali iliwafanya wajifunze haraka zaidi. Vilipokuwa vigumu kutofautisha, shoti kali iliwavuruga, na ile ya wastani ndiyo iliyofundisha vyema. Panya si mwanafunzi, sawa. Ila wengi wetu tunaishi kama tuliosikia nusu ya kwanza tu ya habari hiyo: ongeza ukali, matokeo yatakuja.

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc alilieleza jambo linalokaribiana na hilo kwa upande wa watu: kutazamwa na wenzako hukupa nguvu katika kile ulichokwisha kukizoea, na hukuangusha katika kile unachokisomea bado. Aliyepita madrasa analijua hili. Mtoto aliyehifadhi sura barabara, msimamishe mbele ya watu kwenye maulidi, ataisoma kwa sauti nzuri kuliko ya nyumbani. Mpe sura aliyoianza juzi, kisha ustadhi amsimamie kichwani. Anairudia aya ya pili, anairudia tena, ya tatu haiji, na macho yote yako kwenye mkono wa ustadhi. Jana usiku alikuwa nayo. Hofu imeshika nafasi ile ile ambayo kumbukumbu ilipaswa kufanyia kazi, nasi tunamwita mzembe! Hilo linaniuma, kwa sababu adhabu inayofuata humwongezea kile kile kilichomwangusha.

Kwa hiyo ukali, kama lazima uwepo, uishie kwenye kuamka mapema, kuweka simu mbali na kurudia maswali aliyokwisha kuyaelewa. Akifika kwenye hesabu asiyoijua, asisimamiwe na mtu mgongoni.

Wanaotaka utulivu nao wana kosa lao. Humwambia mtoto mlangoni mwa chumba cha mtihani, "Tulia," na moyo unaokwenda mbio hausikii amri hiyo. Mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba waliojiambia wana msisimko walifanya vizuri katika hotuba na hisabati kuliko waliojiambia wametulia. Afadhali aambiwe kwamba moyo kudunda ni mwili kujiweka tayari, kisha aachwe aingie.