Programu ya kutafuta haijaiondoa masijala

Maofisini kuna hoja inayozidi kupata wafuasi: skani kila karatasi, ingiza zote kwenye programu ya kutafuta, kisha achana na habari ya mafolda. Ukitaka barua, andika neno moja tu, itakuja. Watu wa masijala hawakubali. Kwao, waraka usio na jalada wala namba ya kumbukumbu umepotea, hata kama umo kwenye kompyuta.

Hoja ya wale wa kwanza ina uzito. Folda inakulazimisha kuchagua. Barua ya mwalimu mkuu kuhusu mgogoro wa mpaka wa kiwanja cha shule utaiweka wapi, Elimu au Ardhi? Programu haikuulizi. Inausoma waraka wote na kuweka faharasa ya kila neno na nyaraka lilimo. Ndivyo inavyofanya Lucene, programu iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999, ambayo leo ndiyo injini ya programu kubwa za kutafuta, Solr na Elasticsearch. Recoll inaifanya kazi hiyo kwenye kompyuta yako bila intaneti. Paperless-ngx, programu ya kuhifadhi nyaraka zilizoskaniwa, inatumia Tesseract kuyatoa maneno kwenye picha za skana, na Kiswahili kimo katika lugha za Tesseract. Nyingi kati ya hizo ni bure, na nyaraka zako hazilazimiki kutoka nje ya ofisi.

Tatizo linaanza pale unapotafuta kwa Kiswahili. Nyingi ya programu hizi zilikulia kwenye Kiingereza, ambako neno hubadilika mwishoni, na kanuni maarufu ya Martin Porter ya mwaka 1980 hukata mikia ya maneno ili yakutane kwenye shina moja. Letu hubadilika zaidi mbele. Andika "mkataba", na nyaraka zenye "mikataba" tu hazitatokea. Andika "kulipa", utakosa "hawajalipwa", "tulilipa" na "malipo", na huenda barua unayoihitaji ina hayo tu. Lucene huja na vichambuzi, yaani kanuni za kuyarudisha maneno kwenye shina lake, vya Kiarabu, Kihindi, Kifini na lugha nyingine nyingi. Cha Kiswahili hakimo.

Wapo wanaosema tumia alama ya nyota, inayosimama badala ya herufi zozote, yaani *lipa*. Inasaidia, lakini nyota ikitangulia neno utafutaji huwa mzito, kiasi kwamba Lucene huizuia mpaka uiruhusu mwenyewe. Na haichagui: ukitafuta *lima* kwa ajili ya kilimo, unaletewa mlima, milima, na kila barua iliyotoka Kilimanjaro, huku neno "kilimo" lenyewe likiachwa.

Kuna na karatasi zenyewe. Muhuri ukiangukia tarehe, tarehe mara nyingi husomwa vibaya. Dokezo la mkurugenzi lililoandikwa kwa kalamu pembeni mwa barua, ambalo mara nyingi ndilo uamuzi wenyewe, Tesseract hailiwezi. Na ukipata nakala nne za mkataba mmoja, programu haijui ipi ilisainiwa. Karani wa masijala anajua, kwa sababu iliyosainiwa ndiyo aliyoipa namba ya folio, yaani namba ya mpangilio, jaladani.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka tubaki na majalada peke yake. Masijala inategemea mno kumbukumbu ya mtu mmoja. Akihamishwa au akistaafu, ofisi nzima inapapasa. Ninachokiona sahihi ni kuanza na kazi ya karani: namba ya kumbukumbu, tarehe, aliyeandika na aina ya waraka viingizwe kwa mkono siku waraka unapopokelewa, na uamuzi wa kwenye dokezo uchapwe kwa sentensi moja. Paperless-ngx ina nafasi za mambo hayo yote. Utafutaji wa maneno uje juu ya msingi huo.

Ofisi iliyokwisha kuskani maelfu ya kurasa bila namba haina haja ya kurudia zote. Ianze na majalada yanayoitishwa kila wiki, ya mikataba, ardhi na watumishi. Yale ya zamani yasiyoguswa yanaweza kuachiwa utafutaji, pamoja na kasoro zake.