Ukitaka kujua mwaka wa filamu, tazama vani

Wengi wanaotaka kujua filamu ya zamani ya Uingereza ilipigwa mwaka gani hukimbilia gari la mhusika mkuu. Naona wanapotea hapo. Gari la nyota lilichaguliwa. Pengine lilikodiwa, likasuguliwa na kufungwa namba za bandia. Vani ya muuza mikate inayokatiza nyuma yake kwenye mtaa wa London haikuchaguliwa na mtu. Ilikuwa kazini, na huyo ndiye shahidi ninayemwamini.

Kwanza, linalohesabika ni gari changa kuliko yote kwenye picha. Morris J-type, ile yenye uso wa mviringo, ilianza kutengenezwa 1949, lakini vani nzuri hufanya kazi miaka mingi, kwa hiyo kuiona peke yake hakuthibitishi kwamba filamu ni ya miaka ya 50. Ila Ford Transit ikipita hata kwa sekunde moja, picha hiyo haikupigwa kabla ya Oktoba 1965.

Transit inastahili kujifunzwa vizuri. Ilirithi nafasi ya Thames 400E ya 1957, gari lenye uso bapa, dereva amekaa mbele kabisa na injini iko katikati ya viti. (Wazee wa Nairobi wanalijua jina hilo: Ford Thames zilikuwa miongoni mwa matatu za mwanzo.) Transit ni pana zaidi na ina pua fupi, kwa sababu injini yake ya petroli, V4 (silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V), ilikuwa fupi. Injini ya dizeli ya Perkins haikuenea humo, hivyo za dizeli zikarefushwa pua. Hapa ndipo watu hukosea: wakiona pua ndefu wanasema ni toleo la baadaye, kumbe ni dizeli ya miaka ileile. Sura mpya kwa Transit zote ilikuja 1978.

Bedford CA ni rahisi kuitambua. Ilitengenezwa 1952 hadi 1969, ikafuatwa na CF. Milango yake ya mbele ni ya kusukuma kando, na siku za joto madereva waliiendesha ikiwa wazi kabisa. Toleo la mwanzo lina kioo cha mbele cha vipande viwili.

Kioo cha namna hiyo kinasaidia pia kwenye vani ya Morris Minor, iliyoanza 1953: kuanzia 1956 kikawa kipande kimoja. Zile za mwanzo za Posta zilikuwa na madgadi za mpira mbele, na taa zimesimamishwa juu yake. Naipenda sana alama hii, maana hata picha ikiwa na ukungu, taa hizo zinaonekana.

Baada ya bodi, njoo kwenye namba ya usajili. Herufi ya mwisho ya namba, inayoonyesha mwaka wa kusajiliwa, ilianza 1963 kwa A, lakini si kila wilaya iliifuata mara moja; ikawa lazima 1965, mwaka wa C. Namba isiyo na herufi hiyo, basi, haithibitishi kwamba gari ni la kabla ya 1963. Mwaka 1967 una herufi mbili, E na F, kwa kuwa mabadiliko yalihamishwa kutoka Januari hadi Agosti.

Na kama herufi hazisomeki? Tazama rangi ya kibao. Vile vya zamani ni vyeusi vyenye maandishi meupe au ya fedha. Vibao vinavyoakisi mwanga, vyeupe mbele na vya njano nyuma, viliruhusiwa 1968, vikawa lazima kwa magari mapya kuanzia 1973. Hata kwenye filamu isiyo ya rangi, kibao chenye mwanga na herufi nyeusi hujitokeza, na hapo unajua uko 1968 au baadaye.

Wanaotengeneza filamu leo kuhusu miaka hiyo nao nawaomba wazingatie. Mwongozaji asiye na uhakika achukue vani kuukuu kuliko anavyodhani inahitajika. Bedford ya 1955 kwenye hadithi ya 1963 ni sahihi kabisa. Transit kwenye hadithi hiyo ni kosa, hata ingepakwa rangi nzuri namna gani.