Mwenyekiti wa mtaa hatoi cheti

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukikaribia, simu za WhatsApp kutoka Mwanza huja na wimbo mmoja: "Shangazi, nimekwama." Kijana anacho cheti cha kuzaliwa, lakini Bodi ya Mikopo inataka kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Na kwa kuwa amejaza kwamba baba ni marehemu, cheti cha kifo cha baba nacho kinatakiwa, nacho kihakikiwe. Hicho hakipo. Baba alizikwa, matanga yakaanuliwa, watu wakarudi kwenye shughuli zao, na hakuna aliyefika wilayani. Hapo ndipo sisi wabeba boksi, Watanzania tunaoishi Uingereza, tunapokunja uso na kusema nyumbani hakuna mfumo, njooni Uingereza muone kazi.

Nadhani tunasifia kisichohusika na kulaumu asiyehusika. Uingereza haituzidi kwa kompyuta. Inatuzidi kwa jambo moja dogo upande wa vifo, na upande wa watoto wachanga sisi ndio tumeizidi.

Nyumbani kwanza, maana wengi wanakosea mlango. Sheria ni ile ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, na msimamizi wake ni RITA, wakala ulioanza kazi mwaka 2006. Juu kabisa kuna Msajili Mkuu. Wilayani, msajili ni Katibu Tawala wa Wilaya, yule tunayemwita DAS, anayekaa ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Si Mkurugenzi wa halmashauri. Tofauti hii inaonekana ndogo hadi pale mtu wa Buchosa anapoambiwa aende Sengerema: Buchosa ni halmashauri, haina DAS wake. Na Mwanza mjini, ambako mgeni anaona jiji moja, kuna wilaya mbili, Nyamagana na Ilemela, kila moja na ofisi yake.

Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji hasajili chochote. Barua yake ya utambulisho ina uzito, muhuri wake unahitajika, lakini yeye anathibitisha tu kwamba anakufahamu. Mjumbe wa nyumba kumi ni mtu wa chama, tumwache apumzike. Anayehusika kweli ngazi ya chini ni mtendaji, mtumishi wa kuajiriwa wa kijiji, mtaa au kata. Tukio likitokea hospitali au zahanati, kituo ndicho kinachotoa tangazo la kizazi au la kifo. Likitokea nyumbani, mtendaji wa kijiji au wa mtaa ndiye anayepaswa kupewa taarifa ili tangazo liandikwe.

Na tangazo si cheti. Nyumba nyingi zinalo kwenye sanduku, limekunjwa mara nne, limeng'aa kwa mafuta ya mikono, na familia nzima inaamini ndicho cheti cha mtoto. Ni taarifa tu kwamba tukio limetokea. Lisipofikishwa kwa msajili, huyo mtu hayumo kwenye daftari. Kizazi kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90, kifo ndani ya siku 30. Ukichelewa ada inapanda na ushahidi unaongezeka: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, hati ya kiapo. Kizazi kikipita miaka 10, idhini ya Msajili Mkuu inahitajika.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa huku. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, Tanzania ilibadili utaratibu: usajili ukashushwa hadi ofisi ya mtendaji wa kata na vituo vya afya vinavyotoa huduma ya mama na mtoto, na cheti cha kwanza kinatolewa bila ada. Mwanza ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuanza, baada ya Mbeya. Mama analeta mtoto kliniki kupimwa na kuchanjwa, anaondoka na cheti kimeandikwa kwa mkono, taarifa zimetumwa kwa simu. Uingereza hakuna hilo. Huku England na Wales mzazi ana siku 42, Scotland siku 21. Kuandikisha ni bure, lakini nakala ya cheti unainunua: mwaka 2024 bei ilifika paundi 12.50 kwa nakala moja. Kwa kawaida hospitali haikusajilii. Unaomba miadi, unakwenda ofisi ya usajili, na kama wazazi hamjaoana, jina la baba haliingii kwa maneno ya mama peke yake. Kwa kawaida mnakwenda wote wawili mkasaini.

Kosa la mlango liko huku pia, tusijidanganye. Msajili wa huku ni mtumishi wa serikali ya mtaa, lakini si kila serikali ya mtaa. Kwenye maeneo yenye ngazi mbili, halmashauri ya chini inayokuzolea taka siyo yenye ofisi ya usajili. Kazi hiyo ni ya ngazi ya juu, ile ya kaunti. Na diwani wako hana msaada wowote, sawasawa na mwenyekiti wa mtaa.

Ila kwenye kifo wametuacha mbali. Daktari anaandika sababu ya kifo. Tangu Septemba 2024, huku England na Wales, daktari mkaguzi ambaye hakumtibu marehemu lazima aipitie kabla haijafika kwa msajili. Msajili akishaipokea, familia ina siku 5 kwenda kuandikisha. Akimaliza kuandika anatoa karatasi ambayo kila mtu anaiita fomu ya kijani. Bila hiyo, au amri ya korona (coroner, afisa anayechunguza vifo), mzishi hafanyi mazishi, makaburini hawakupokei. Mazishi yakishafanyika, kipande cha chini cha fomu kinarudishwa kwa msajili ndani ya saa 96. Yaani kaburi lenyewe linajibu barua.

Siri yao yote ni hiyo. Usajili umewekwa mbele ya jeneza. Kwetu umewekwa nyuma, baada ya watu kula, kuchanga na kutawanyika, na aliyebaki ni mjane asiye na nauli. Kibali cha mazishi kipo, hospitali wanakitoa, na mjini makaburini kinaulizwa. Lakini kibali kinaishia kaburini, hakimfikishi mtu kwa DAS. Kijijini, ambako kaburi linachimbwa nyuma ya nyumba, hata hicho mara nyingi hakiulizwi.

Ongeza suala la mahali. Tanzania na England zote mbili zinasajili tukio pale lilipotokea, si pale mtu anapoishi. Kwa England, ukiwa mbali unaweza kutoa maelezo kwenye ofisi iliyo karibu nawe, wao wakayatuma kwenye wilaya ya tukio. Kwa Kanda ya Ziwa, fikiria Bugando. Ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima. Wagonjwa wanatoka Kagera, Geita, Mara, Simiyu. Mzee wa Muleba mkoani Kagera akifia pale, kifo chake ni cha Nyamagana. Familia inachukua mwili usiku, inazika Muleba, na miezi minane baadaye inakwenda wilayani Muleba na tangazo la Mwanza mkononi. Vivyo hivyo mama wa Ukerewe aliyepewa rufaa akajifungulia Bugando: kama mtoto hakuandikishwa mapema, kizazi chake kinatafutwa Nyamagana, siyo kwao Nansio. Kabla ya kuondoka mjini na mwili au na mtoto, pitia ofisi ya DAS ukiwa na tangazo na kitambulisho. Hata kama gari la msiba limewashwa, watu wawili wabaki. Ni kazi ya asubuhi moja ukiwa hapo hapo, na ni safari ya siku mbili ukisharudi kwenu.

Kuna vifo ambavyo hata tangazo halina wa kuliandika. Mvuvi wa dagaa anatoka usiku na karabai, upepo unageuka, mtumbwi unaonekana bila mtu. Mwili ukipatikana, wengi huufunga na kuuzika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, siku hiyo hiyo kwa sababu ya hali yake, na inaeleweka. Lakini polisi wasipojulishwa na mtendaji wa kijiji asipoandika, hakuna hati yoyote ya kuanzia mirathi. Na mwili usipopatikana kabisa, DAS hana uwezo wa kusema amekufa. Hilo ni la mahakama, na mahakama itataka kujua nani aliripoti kupotea, lini, kituo gani. Huku nako ni mahakama: sheria ya mwaka 2013 ya England na Wales inaruhusu kuomba tamko la kifo mtu asipojulikana yu hai kwa miaka 7. Kwa hiyo kwa wenye ndugu Ukara, Kome au visiwa vingine: ripoti ya polisi siku ile ile, na namba ya jalada iandikwe pembeni ya kalenda, si kwenye simu itakayoingia maji.

Majina nayo. Kadi ya kliniki inaanza na "Mtoto wa Neema" kwa sababu siku hiyo jina lilikuwa bado. Nyumbani anaitwa Shija kwa kuwa alifuata Kulwa na Doto, kanisani anakuwa Emanuel, shuleni mwalimu anaandika Emmanuel mwenye m mbili. Kisha jina la babu: Ng'wandu. Kwenye cheti cha mkono ni Ng'wandu, kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA) Ngwandu, kwenye cheti cha kidato cha nne Ng'wandu tena. Ile alama ya juu ya ng' imewakwamisha watoto wengi kuliko ada. Chagua namna moja siku ya kwanza, iandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mpe mwandishi aisome, kisha isome wewe kabla hajagonga muhuri. Huku ni hivyo hivyo: msajili wa Kiingereza hajui ng' ni nini, na ukishasaini daftari, kurekebisha ni ada nyingine na ushahidi mwingine.

Kwa wanaozaa huku, chukua cheti kirefu chenye majina ya wazazi. Kile kifupi hakina wazazi, na hakitakusaidia kuonyesha kwamba mtoto ni wa Mtanzania. Na cheti cha Uingereza si uraia. Tangu tarehe 1 Januari 1983 kuzaliwa tu hapa hakumpi mtoto uraia ikiwa wazazi wote ni wageni wasio na ukaazi wa kudumu.

Wanaofiwa England au Wales na kutaka kusafirisha mwili hadi Mwanza wajue kwamba korona anapewa taarifa ya kuutoa mwili nchini, na sheria inataka siku 4 kamili kabla. Ile fomu ya kijani inakabidhiwa kwake pamoja na taarifa hiyo, hivyo msiitafute uwanja wa ndege. Nunueni nakala 4 au 5 za cheti cha kifo siku ile ile ya kuandikisha: benki, pensheni, mahakama ya mirathi nyumbani, na moja ya kubaki kwenye bahasha.

Na yule kijana wa mkopo? Maombi ya RITA yanafanyika mtandaoni, hata ukiwa Leeds unaweza kumjazia na kulipa kwa kumbukumbu namba. Ambacho huwezi kukifanya ukiwa Leeds ni barua ya mtendaji na tangazo kutoka kituo alichofia baba. Badala ya kutuma hela ya "kumwona mtu", tuma nauli ya kwenda na kurudi, na mwambie aanze kwa mtendaji.