Megawati 1,000 za sola sio megawati 1,000 za nyuklia

Kwenye mijadala ya umeme kuna hoja inarudiwa sana, kwamba sola imeshashuka bei kiasi kwamba nyuklia haina kazi tena, ya nini kuhangaika na mionzi na mabilioni ya pesa wakati jua lipo bure. Mimi sola naikubali sana na nitaisifia bila kuibania, ila hiyo hoja ina shimo kubwa katikati na watu wengi wanalipita bila kuliona, matokeo yake nyuklia inahukumiwa kabla haijasikilizwa.

Shimo lenyewe ni hilo neno megawati. Ukisikia nchi imefunga sola ya megawati 1,000 na nchi jirani imewasha kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 unaona ngoma droo, afu unaambiwa ya sola imejengwa kwa pesa ndogo zaidi na kwa muda mfupi, basi mjadala unafungwa hapo. Lakini megawati inakwambia tu mtambo unaweza kutoa kiasi gani ukiwa kwenye kilele chake, haikwambii kwa mwaka mzima umetoa nini. Mwaka una masaa 8,760. Vinu vya Marekani vinafanya kazi kwa zaidi ya 90% ya uwezo wake ukipiga wastani wa mwaka mzima, usiku na mchana, mvua na kiangazi, vinasimama pale tu vinapobadilishwa mafuta ya urani au kufanyiwa matengenezo. Kwa hiyo kinu kimoja cha megawati 1,000 kinakupa karibu kilowati-saa (zile unit za umeme) bilioni 8 kwa mwaka. Sola ya megawati hizo hizo, kwenye sehemu yenye jua la uhakika, inacheza kwenye 20 mpaka 25%, yaani bilioni 2 hivi, na Ujerumani ambako mawingu ni mengi inashuka mpaka kama 10%. Sasa piga hesabu mwenyewe, kufikia umeme wa kinu kimoja unahitaji sola ya megawati 4,000 kwenye jua zuri, na karibu megawati 9,000 kwenye jua la Ujerumani. Ile bei rahisi bado ni rahisi, sibishi, ila unainunua mara nne au mara tisa.

Na hapo tumehesabu wingi tu, bado hatujagusa saa. Hizo kilowati-saa za sola zinakuja zote kwa pamoja saa sita mchana, wakati matumizi ya watu yanapanda jioni, wamerudi nyumbani, taa zimewaka, wanapika, na jua ndo linazama. California wameishi na hii ishu kwa miaka, mchana umeme wa sola unazidi mpaka inabidi waukate usiingie kwenye gridi, jioni mitambo ya gesi inapandishwa haraka haraka kuziba pengo. Haki itendeke, wameweka betri nyingi mno, 2024 walivuka megawati 10,000, na zinasaidia kweli kuubeba umeme wa mchana mpaka usiku. Lakini betri nyingi za namna hiyo zinatoa umeme kwa masaa manne hivi zikienda kwa nguvu zote. Zinavusha jioni vizuri tu. Wiki mbili za mawingu kwenye nchi ya baridi hazivushi, na kuhamisha umeme wa kiangazi uje utumike kipupwe hilo bado hakuna betri inayoliweza kwa bei ya maana. Hapo ndo watu wanaosema sola pamoja na betri zimemaliza kazi wananikosa kabisa.

Sasa upande wa sola. Bei ya paneli kati ya 2010 na 2020 ilishuka kwa karibu 90%, hakuna chanzo kingine cha umeme kilichowahi kufanya hivyo kwa muda mfupi kiasi kile. Shamba kubwa la sola unaweza kulimaliza kwa mwaka mmoja au miwili, paneli unaweza kuweka juu ya bati la nyumba ambayo gridi haijawahi kuifikia, haihitaji maji ya kupoza, na ikifa paneli moja zingine zinaendelea na kazi kama kawaida. Nyuklia hapo haina cha kujibu, na kwenye gharama imejiaibisha yenyewe. Vinu viwili vipya vya Vogtle kule Georgia, Marekani, vilianza na makadirio ya kama dola bilioni 14 vikaishia zaidi ya bilioni 30, tena kwa kuchelewa miaka saba. Kinu cha Flamanville 3 cha Ufaransa kilianza kujengwa 2007 kikaja kuingia kwenye gridi Desemba 2024, kutoka euro bilioni 3.3 mpaka zaidi ya 13. Mtu akiniambia hizo namba zinamtisha namwelewa.

Ila angalia ni nini kilichotokea pale. Ni vinu vya muundo mpya, vimejengwa na nchi ambazo zilikuwa zimekaa miaka mingi bila kujenga, mafundi waliojua kazi wameshastaafu, na kila mwaka unaochelewa riba ya mkopo inaendelea kukimbia. Ufaransa hiyo hiyo baada ya bei ya mafuta kupanda 1973 iliamua kujenga vinu vya aina chache kwa mfululizo, ndani ya miaka kama 15 ikawasha zaidi ya 40, na mpaka leo karibu theluthi mbili ya umeme wake inatoka huko. Falme za Kiarabu hawakuwahi kuwa na kinu hata kimoja, walianza kituo cha Barakah 2012 wakijenga vinu vinne vya aina moja, cha kwanza kikaingia kwenye gridi 2020, cha nne 2024, na sasa vinatoa kama robo ya umeme wa nchi, tena nchi yenye jua la kutosha na mashamba ya sola makubwa. Hawakuona kwamba kimoja kinafuta kingine. Na kinu kinaweza kwenda miaka 60, paneli ni 25 mpaka 30 halafu unaanza kununua upya.

Halafu kuna woga. Huu siudharau kwa sababu ajali ya kinu cha Chernobyl kule Ukraine ilitokea, mwaka 1986 watu 28 walikufa ndani ya miezi michache kwa mionzi mikali, watoto wakapata saratani ya tezi ya shingo baada ya kunywa maziwa yaliyochafuka, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria vifo vinaweza kufika 4,000 kwa walioathirika zaidi. Fukushima, Japani, 2011 tetemeko lilipopiga vinu vilivyokuwa vinafanya kazi vilijizima vyenyewe, kilichokuja kuleta maafa ni kwamba kinu mara tu kikizimwa kinabaki na joto la kama 6 au 7% ya lile la kawaida na lazima liendelee kupozwa, tsunami ikazamisha jenereta, pampu zikasimama, mafuta ya urani yakayeyuka. Tsunami yenyewe iliua karibu watu 20,000. Mionzi, serikali ya Japani imekubali kifo kimoja. Zoezi la kuhamisha watu likaua zaidi ya 2,000, wengi wazee, yaani woga uliua kuliko kile kilichoogopwa. Makadirio yanayotumika sana, pamoja na ajali hizo, yanaipa nyuklia kama 0.03 ya kifo kwa kila terawati-saa (kilowati-saa bilioni moja), sola ni 0.02, makaa ya mawe ni karibu 25. Nyuklia na sola ziko kundi moja!

Taka zipo, zinabaki hatari kwa maelfu ya miaka, ila ni kidogo kwa ujazo na zinajulikana zilipo, na Ufini wameshachimba handaki zaidi ya mita 400 chini ya mwamba kwa ajili ya kuzizika. Kinachonisumbua mimi zaidi ni vita. Zaporizhzhia kule Ukraine, kituo cha nyuklia kikubwa kuliko vyote Ulaya, kilitekwa na wanajeshi wa Urusi Machi 2022 na kimekatikiwa umeme wa nje mara kadhaa. Hakuna anayeogopa shamba la sola likitekwa, na hapo sola inashinda bila mjadala.

Lakini sasa ona Ujerumani. 2010 nyuklia ilikuwa inawapa zaidi ya 20% ya umeme wao, baada ya Fukushima wakazima vinu vinane kwa mkupuo, na vitatu vya mwisho vikazimwa tarehe 15 Aprili 2023, vyote vizima na vinafanya kazi, huku sheria yao ikiruhusu makaa ya mawe kuendelea mpaka 2038. Sola na upepo walizofunga ni nyingi kweli na ninawapongeza, ila sehemu kubwa ya huo umeme mpya ilienda kuziba nafasi ya umeme ambao tayari ulikuwa hautoi moshi. Wangeanza na makaa.